CA 125 iko juu na tumbo limejaa maji: saratani imetoka wapi?

Mkuu, pole sana na mama. Umesema walitoa maji tumboni, CA 125 (protini inayopimwa kwenye damu kutafuta dalili za saratani ya ovari) ikasoma juu, mkaambiwa ni saratani ya ovari. Daktari wa pili anashuku tumbo la chakula. Niko maabara ya patholojia, na maji ya namna hii tunayapokea kila wiki.

CA 125 iweke kando kwanza. Utando wa ndani ya tumbo wenyewe huitoa ukisumbuliwa na chochote. Tunaiona juu kwa wenye TB ya tumbo na wenye ini lililosinyaa, wasio na saratani kabisa. CEA, protini nyingine inayopimwa kutafuta saratani, ina uzito zaidi, kwa kuwa seli za utando huo haziitengenezi, lakini nayo haikutajii kiungo.

Kinachosema ni seli. Maji tunayazungusha kwenye mashine, seli zinatuama. Nyingine tunazipaka kwenye kioo, zinazobaki tunazigandisha kwenye nta na kuzikata vipande vyembamba. Saratani ya tumbo la chakula ina seli moja msumbufu: imejaa ute hadi kiini kimesukumwa ukingoni, mfano wa pete na kito chake. Hutembea mojamoja, na ukiipitia haraka utadhani ni seli ya kinga tu. Hapo tunapaka rangi za kingamwili, kila moja hushika protini yake kwenye seli. Kalretinini hushika seli za utando, Ber-EP4 hushika za saratani, halafu PAX8 kutafuta ovari, na CK7, CK20 na CDX2 kutafuta njia ya chakula. PAX8 ikigoma na CDX2 ikashika, hoja ya ovari inalegea sana, ingawa saratani za ovari zenye ute hutuchanganya hata sisi. Na uvimbe wa ovari kwenye ultrasaundi usiwafunge macho, maana saratani ya tumbo la chakula hupenda kuhamia huko.

Rangi ya kusema "hili ni tumbo la chakula" peke yake haipo. Apigwe endoskopi (kamera inayopitishwa mdomoni hadi tumboni), wachukue kinyama, na kinyama hicho kipimwe HER2, protini inayochochea saratani kukua. Kikiwa chanya, trastuzumabu, dawa inayoilenga HER2, inaweza kuongezwa kwenye kemo. Nisikufiche: ikithibitika ni tumbo na seli zimo kwenye maji, hiyo ni hatua ya 4, na mara nyingi matibabu huanza na dawa, si kisu.

Wakitoa maji tena, waombe wajaze chupa, wasilete bomba moja la sindano. Yafike maabara siku hiyohiyo. Yakichelewa yakae kwenye friji, si friza. Na sampuli ya kwanza ikirudi bila seli za saratani, dai ya pili.