Anayekaa Upande wa Kichwa

Mwezi huu barua za maradhi ya moyo zimenijia nyingi kuliko za sukari. Nimechukua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, maana yauliza kazi niliyoifanya mimi mwenyewe, ya kuwalaza wanaopasuliwa moyo, na wale walioniuliza habari za magoti wanisamehe, zamu yao yaja.

SWALI: Assalamu alaykum Bi Daktari. Mimi ni msichana wa kidato cha nne, Langoni, hapa Lamu. Mwaka jana ndugu yangu mdogo alipasuliwa moyo Nairobi, akatiwa valvu, yaani kilango cha moyo, ya chuma. Kabla hajaingizwa chumbani alikuja daktari mmoja mwanamke, akamwuliza anashabikia timu gani, kisha akamwambia, "Mimi sitoki kichwani pako mpaka uamke." Tukaambiwa huyo ndiye daktari wa nusukaputi, tena anafundisha chuo kikuu. Nataka kuwa kama yeye. Bibi asema kulaza watu si udaktari, na baba auliza nitasoma mpaka lini. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu salaam, mjukuu wangu. Kwanza hilo neno nusukaputi. Pwani nzima hulitumia na siwezi kulizuia, lakini silipendi, maana mgonjwa akilisikia aona keshakufa nusu. Mimi husema dawa ya usingizi, ingawa nayo si kweli tupu. Aliyelala ukimchoma sindano huruka. Huyu hupasuliwa mfupa wa kifua kwa msumeno na hatikisiki.

Mwambie bibi yako kumlaza mtu ni dakika chache. Baada ya hapo yabaki saa tano za kumweka hai, na ndizo tunazolipwa.

Siku ya operesheni ya saa mbili asubuhi, mimi nilikuwa chumbani kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Nakagua mashine ya kupumulia, navuta dawa moja moja kwenye bomba la sindano na kubandika jina lake kwa mkono wangu, simwachii mtu. Mgonjwa akiingia, mrija mwembamba waingia kwenye ateri, mshipa utoao damu moyoni, ya kifundo cha mkono, unionyeshe presha pigo kwa pigo. Mwingine huingia shingoni, wa dawa kali. Akishalala na mpira wa hewa uko kooni, napitisha kwenye umio, njia ya chakula, kifaa cha mawimbi ya sauti, unene wake kama kidole. Umio wapita nyuma ya moyo, kwa hiyo kutoka pale naiona valvu kwenye skrini ikifunguka na kufunga. Ya mtoto aliyeugua homa ya rumatiki huwa imekakamaa, hufunguka kama kinywa cha mtu asiyetaka kunywa dawa.

Kisha mgonjwa hupewa heparini ili damu isigande, na damu yote hugeuziwa njia ikapite kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na ya mapafu. Moyo wenyewe husimamishwa. Dawa ya kuusimamisha ina potasiamu, madini hayo hayo yaliyomo kwenye maji ya dafu, ila hapa imekolea na yamiminwa kwenye mishipa ya moyo wenyewe. Kwenye skrini mawimbi yanyooka, mstari mmoja. Mara ya kwanza kuuona mstari ule nilitokwa na jasho mpaka kwenye soksi, ingawa nilikuwa nimeusoma kitabuni mara kumi. Mashine ya namna hii ilifanikiwa kwa binadamu tarehe 6 Mei 1953, Philadelphia, Marekani, mikononi mwa daktari John Gibbon. Mgonjwa wake alikuwa msichana wa miaka 18, aliyekuwa na tundu kwenye ukuta wa vyumba vya juu vya moyo. Umri wako, takriban.

Sasa nikusimulie siku niliyoharibu, maana ndiyo itakayokueleza kwa nini yule daktari wa ndugu yako pia ni mwalimu.

Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili, hospitali siitaji. Valvu imeshonwa, moyo umeanza kupiga, mashine imezimwa. Kilichobaki ni protamini, dawa ya kuitengua ile heparini ili damu igande tena. Protamini asili yake ni mbegu za samaki dume, samoni, na ndiyo maana twawauliza wagonjwa kama samaki huwadhuru. Mimi mtoto wa Lamu nilifurahi mno kujua kwamba samaki ana kazi chumba cha upasuaji! Basi dawa hiyo hutolewa polepole, kama dakika kumi. Mpasuaji alikuwa akinung'unika kuwa damu haikauki, nami nikataka kumridhisha. Nikaisukuma kwa dakika mbili. Presha ilikuwa 110. Nikaiona 90, nikaiona 70, nikadhani mrija umejikunja. Ilipofika 45 mkono wa mwalimu wangu ukaja juu ya wangu, ukaichukua sindano bila neno. Akatoa dawa ya kubana mishipa, akamwomba mpasuaji aukande moyo kidogo, akasubiri. Macho yake hayakuondoka kwenye skrini. Ikarudi, na yule mgonjwa alikwenda kwao kwa miguu yake.

Nilingoja matusi jioni ile, hayakuja. Aliniambia, "Alhamisi asubuhi utalieleza mbele ya idara. Wewe mwenyewe, kwa dakika na tarakimu." Nikasimama mbele ya watu thelathini, wengine wakubwa zangu, nikaandika ubaoni: dakika ya kwanza, dakika ya pili. Mmoja nyuma akacheka. Mwalimu akamgeukia: "Wewe lako ulilileta lini?" Chumba kikanyamaza. Mwaka uliofuata nilipowafundisha wadogo zangu protamini sikufungua kitabu, nilifungua Alhamisi ile.

Hiyo ndiyo kazi ya daktari wa chuo, kwa nilivyoiishi mimi. Siku tatu za wiki upo kichwani pa mgonjwa, na mwanafunzi yu kando yako akiushika mrija ambao ungeushika upesi zaidi mwenyewe, nawe wauma meno ukimwachia. Siku moja darasa. Siku moja ya utafiti, ambayo huliwa na vikao. Utafiti wangu ulianza na daftari la kurasa 96 nililoandika, kwa kila mgonjwa, alichukua saa ngapi kuamka na alitetemeka kwa baridi au la. Ngazi zake ni mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa, na hupandi kwa umri. Wapanda kwa ulichoandika na uliowafundisha. Wenzangu waliokwenda hospitali za binafsi walijenga Nyali, mtaa wa wenye nazo Mombasa, mapema. Mimi nilijenga Lamu, polepole, kwa mawe ya mkopo.

Tuje kwa baba. Atake hesabu, apewe hesabu. Sekondari shika bayolojia, kemia, fizikia na hisabati, na usikidharau Kiswahili. Shahada ya udaktari hapa Kenya miaka 6. Mwaka 1 wa mafunzo kazini, ndipo usajiliwe kikamilifu. Kisha uzamili wa dawa ya usingizi, si chini ya miaka 3. Juu yake mafunzo ya moyo. Kwa Marekani, kwa mfano, ni mwaka 1 baada ya ukaazi, yaani uzamili wao, wa miaka 4. Jumlisha, wakuta 11 au zaidi, bila kuhesabu miaka ya kungoja nafasi na ya kutumikia kaunti. Lakini baba asidhani utakuwa ukila kwake miaka yote hiyo. Kuanzia mwaka wa saba una mshahara, nawe ndiwe utakayeombwa ada ya wadogo zako. Mimi niliombwa.

Na bibi, mwambie habari za Virginia Apgar wa Marekani. Alitaka upasuaji, mkuu wake akamgeuza upande wa dawa ya usingizi. Mwaka 1949 akawa profesa kamili Chuo Kikuu cha Columbia, mwanamke wa kwanza kwenye kitivo chao cha udaktari. Yeye ndiye aliyebuni alama wanazopewa watoto wachanga dakika ya kwanza na ya tano baada ya kuzaliwa: rangi, mapigo, kulia, kujikunja, kupumua. Bibi akiwa na mjukuu aliyezaliwa hospitali, alama hizo ziliandikwa. Ziliandikwa kwa kazi ya mlaza watu.

Kuhusu ndugu yako, hukuniuliza lakini nasema. Mwenye valvu ya chuma hunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote, na damu yake hupimwa kila inapoagizwa. Kuvuka bahari hadi Mokowe, bara, kwenda kupimwa kwachosha, najua, na basi nalo lina siku zake. Asiache. Mchicha wa nazi, ingawa hugusa nguvu ya dawa hiyo, asiukimbie pia. Ale kiasi kile kile kila wiki, asije akala sufuria nzima leo kisha mwezi mzima asiuguse. Na kama alipewa sindano ya penisilini ya kila wiki tatu au nne, aendelee nayo mpaka daktari wake amwambie basi. Ile homa ya rumatiki huanzia kooni, koo la kawaida la mtoto lisilotibiwa, na hurudi.

SWALI: Nimeambiwa Mombasa kuwa nahitaji kubadilishwa valvu. Mwanangu amesoma kwenye simu kwamba dawa ya kuzuia damu kuganda yatokana na nguruwe. Ni kweli, au ni maneno ya simu? Mzee wa Mkomani, Lamu.

JIBU: Mara hii simu imesema kweli, mzee wangu. Heparini nyingi itumikayo duniani hutolewa kwenye utumbo wa nguruwe. Ya ng'ombe ilikuwapo, ikaondolewa sokoni nchi nyingi miaka ya 1990 kwa hofu ya kichaa cha ng'ombe. Kwenye mashine ya moyo, bila kitu cha kuzuia, damu itaganda ndani ya mipira. Ipo dawa nyingine isiyotokana na mnyama huyo, hupewa wale ambao miili yao yaikataa heparini, lakini haina cha kuitengua. Damu ikikataa kukauka, wangoja. Mimi kwa mgonjwa wa kawaida sikuitaka.

Mimi si mufti. Aya ya 173 ya Suratul Baqara waijua kuliko mimi, ile ya aliyelazimika kula kilichoharamishwa. Mwendee sheikh wako sasa, ungali na kahawa mkononi, umweleze kama nilivyokueleza, usimfiche neno. Nimewahi kuona familia ikiligombania jambo hili mlangoni pa chumba cha upasuaji, mgonjwa kalala kwenye kitanda cha magurudumu akiwasikiliza. Haikuwa haki kwake.

Tena uliza na lile ambalo mwanao hajalifikia: valvu yenyewe. Zipo za kaboni na chuma, zipo za nguruwe, na zipo za ngozi izungukayo moyo wa ng'ombe. Hapo pana nafasi ya kuchagua, na mpasuaji akijua mapema hukasiriki wewe wala yeye.

SWALI: Mimi ni afisa wa kliniki wa dawa ya usingizi hapa Malindi, mwaka wa tisa kazini, nyingi ya kesi zangu ni upasuaji wa uzazi wa usiku. Je, naweza kuwa mtaalamu wa usingizi wa moyo?

JIBU: Kwa cheti ulicho nacho, hapana, na anayekwambia vinginevyo anakuuzia kozi. Njia yapitia shahada ya udaktari, miaka 6 upya. Wapo walioifuata wakiwa na umri wako. Ukiwa na watoto na mkopo wa sacco, keti na mkeo na kalamu kwanza.

Lakini wagonjwa wa moyo tayari unao, mwanangu. Yule mama mjamzito anayeshindwa kulala chali, anayekohoa usiku, ambaye kadi yake yasema "pumu". Weka stethoskopu kifuani kabla hujagusa mgongo wake. Ikiwa valvu yake imebana, ganzi ya uti wa mgongo kwa kipimo cha kila siku yaweza kuiangusha presha na moyo usiweze kufidia. Huyo akiwa na nafasi ya kufika Mombasa, apelekwe mchana, usimngoje usiku wa manane. Wewe ndiwe wa mwisho kumsikiliza kifua, na mara nyingi ndiwe wa kwanza.

Ukija Lamu, Jumamosi baada ya alasiri huwa nipo barazani. Njoo na daftari lako la kesi, na zile zilizokwenda kombo uzikunjie kona.