Nyie mnaoanza kuhudumia wagonjwa wa fremu za mifupa

Mkiingia wodi ya mifupa mtakuta stori zote ni za siku ya opareshini, ringi ngapi za fremu zimefungwa kuzunguka mguu, waya za kushikilia mfupa zimepita wapi. Sawa, ila kwa niliyoyaona mguu mwingi unaokolewa au unaharibika zile wiki na miezi baada ya hapo, na huko ndo mnahitajika hasa.

Chukua kurefusha mfupa wa muundi. Dokta Ilizarov wa kule Kurgan, Siberia, alianza miaka ya 1950 na akaja kuonyesha kwamba mfupa ukikatwa kwa uangalifu ukavutwa polepole unaota mwingine hapo katikati. Polepole yenyewe ni milimita 1 kwa siku, tena inagawanywa mara 4, na mnasubiri kwanza siku 5 hadi 7 hivi baada ya kukata. Ukikimbiza mfupa hauoti vizuri na neva zinaumia, ukichelewesha unajishika kabla hamjafika.

Sasa hapa mkae macho. Kwenye fremu ya ringi ya kawaida uzi wa zile fito zinazounganisha ringi ni wa milimita 1, yaani nati ikizunguka mara moja inasogea milimita 1, robo mzunguko ndo robo milimita yako. Mgonjwa anafundishwa, anaitikia ndio ndio, akifika nyumbani anazungushia upande sio. Mpe spana azungushe ukiwa unamwangalia, nati itieni alama ya rangi upande mmoja, na kila akija kliniki shika rula upime nafasi kati ya ringi na ringi halafu ulinganishe na siku alizovuta. Siku 10 nafasi imeongezeka milimita 6? Kuna kitu hakiendi, sema siku hiyohiyo.

Matundu ya ngozi zinapopita pini na waya yakitoa majimaji mepesi kidogo mwanzoni msiogope, wekundu unaosambaa, maumivu mapya au usaha ndo wa kuripoti. Na jamani usafi peke yake hautoshi, waya ikilegea ngozi inacheza nayo muda wote na vidudu vinapata njia, utaosha mpaka uchoke na haitapona hadi ikazwe au itolewe.

Kinachoniuma zaidi ni kisigino. Mtu anapata urefu wote aliotaka halafu kisigino hakigusi chini kwa sababu msuli wa nyuma ya mguu ulikaza na hakuna aliyemsimamia mazoezi ya kifundo tangu mwanzo, wakati mara nyingi inazuilika kabisa! Mwambie pia anyanyue dole gumba la mguu kila ukipita, jana aliweza leo hawezi, huenda neva inaumia, mwite daktari haraka, huenda kasi ikapunguzwa.

Halafu mwambieni muda mapema. Mfupa kukomaa huchukua kama mara mbili ya muda wa kuvuta, kwa hiyo sentimita 4 ni siku 40 za nati na karibu miezi 3 mingine ya kutembea na fremu, wengine zaidi. Asiyeambiwa akiona nati zimesimama anajua kamaliza, kila siku anauliza inatoka lini.