Mama Mwenye Nyumba, si Mama wa Nyumbani

Swali lenu la wiki: Nephthys, mungu wa kike wa Misri ya kale na dada yake mungu Isis, jina lake lina maana gani na lilitoka wapi? Jibu la haraka analo kila mwenye simu: "bibi wa nyumba". Hapo ndipo wengi wanapopotea. Wanamwona mama wa nyumbani wa Misri ya kale, amebaki anakoka moto huku dada yake akihangaika kumtafuta mumewe Osiris, mungu aliyeuawa. Mimi nakataa.

Nephthys ni matamshi ya Kigiriki. Wamisri wenyewe walimwita Nebet-hut, au tuseme ndivyo tunavyolisoma, maana hieroglifu, yaani maandishi yao ya picha, hazikuonyesha irabu. Zilizoandikwa ni konsonanti tu. Irabu tumezitia sisi ili ulimi upate pa kukanyaga. Neb ni bwana, mwenye kitu. Ukiongeza t, anakuwa mwanamke. Aliyesoma Kiarabu ataitambua t hiyo, na wala si bahati nasibu: Kimisri cha kale na Kiarabu vina ukoo mmoja. Baadaye t ya neno la kwanza ikagongana na h ya neno la pili, Wagiriki wakaandika th, kisha wakaning'iniza s mwishoni kama desturi yao.

Utamu uko kwenye hut. Wamisri hawakuwa na neno moja la nyumba. Nyumba ya kuishi, yenye jiko na watoto, ni per. Mke wa mtu aliandikwa kaburini nebet-per, na sifa hiyo imejaa kwenye makaburi ya wanawake wa Misri. Huyo ndiye mama wa nyumbani, tena kwa heshima zote. Hut ni jumba lenye ua na ukuta, hekalu, milki. Ndiyo hut iliyomo katika jina la mungu wa kike Hathor, yaani Hut-Hor, nyumba ya mungu Horus. Imo pia katika Hut-ka-Ptah, hekalu la mji wa Memphis, ambalo midomoni mwa Wagiriki liligeuka Aigyptos, likawa jina la nchi nzima. Sisi tulichukua Misri kutoka kwa Waarabu, lakini Wakopti, Wakristo wa asili wa Misri, bado wanalibeba hekalu hilo katika jina lao.

(Per nayo ilifika mbali. Per-aa, "nyumba kubwa", ilikuwa ikulu, kisha ikawa mfalme mwenyewe: Firauni. Kwa hiyo ukimtukana mtu "firauni we!", umemwita nyumba kubwa. Wake wakubwa mtusamehe.)

Basi Nebet-hut linasikika kama cheo kuliko jina la kumwitia mtoto. Kwa Kiswahili ningesema "mama mwenye nyumba", kama tunavyomwita yule anayebisha hodi mwisho wa mwezi kuulizia kodi. Jengo ni lake, wewe ni mpita njia. Na kazi zake hazihusu jiko hata kidogo. Katika maandishi yaliyochongwa ndani ya piramidi, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, yeye na Isis wanamtafuta na kumlilia Osiris, na sanaa ya Wamisri huwachora wawili hao kama ndege jamii ya mwewe.

Asiyeniamini amtazame kichwani. Amebeba mstatili unaosomeka hut, na juu yake kikapu kinachosomeka neb. Isis naye amebeba kiti cha enzi, alama inayoandikia jina lake la Kimisri, Aset. Katika kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa mwaka 1922, miungu wanne wa kike wa mbao iliyopakwa dhahabu wamenyoosha mikono kulinda sanduku lenye viungo vya ndani vya mfalme. Wanafanana kama mapacha. Ni alama za kichwani zinazowatofautisha. Nephthys ndiye aliyejitwika hati ya nyumba yake.

Mkikutana na jeneza la Kimisri kwenye jumba la makumbusho, mara nyingi Isis yuko upande wa miguu. Huyu wetu yuko kichwani.