Maswali ya Wasomaji: Je, Ufundi wa Gesi Bado Una Kesho?

SWALI: Mhariri, mimi ni fundi bomba mjini Nakuru, na nimeifanya kazi hii kwa miaka 19. Siku hizi riziki yangu kubwa hutokana na gesi: ninafunga hita za maji katika nyumba za kupangisha, ninaunganisha mitungi mikubwa ya hoteli, na ninatengeneza hita za vifaranga kwa wafugaji wa Bahati na Njoro. Kifungua mimba wangu amemaliza Kidato cha Nne na anataka kuifuata kazi hii. Binamu yake aliye Uingereza amempigia simu akamwonya asithubutu, kwa kuwa huko mafundi wa boila za gesi wanaambiwa kwamba siku zao zinahesabika. Je, nimruhusu, au nimtafutie kazi nyingine? (Baba Kijana, Nakuru)

JIBU: Baba Kijana, binamu huyo hakudanganya, ila ameyaeleza ya kwao, na ya kwao si ya kwetu. Nyumba nyingi za Uingereza hupata joto na maji moto kutoka kwa boila inayochoma gesi asilia, yaani methani, inayofika nyumbani kwa mabomba yaliyofukiwa barabarani. Serikali yao inataka kupunguza hewa chafu, na tangu Oktoba 2023 mwenye nyumba katika Uingereza na Wales anayeng'oa boila na kuweka pampu ya joto, yaani mashine ya umeme inayovuta joto kutoka nje na kulileta ndani, anaweza kupewa ruzuku ya pauni 7,500. Uholanzi ilitangulia, kwani tangu Julai 2018 nyumba mpya kwa kawaida haziunganishwi tena na bomba la gesi. Hata hivyo, mamilioni ya boila bado yanafanya kazi huko na kila moja inahitaji kukaguliwa, kwa hiyo hata fundi wa kwao hatakosa kazi kesho asubuhi.

Sisi hatuna mabomba ya gesi chini ya barabara zetu. Gesi yetu ni ya mtungi, mchanganyiko wa propeni na buteni, inayoshushwa bandarini Mombasa na kuletwa huku kwa malori. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba asilimia 23.9 tu ya familia za Kenya zilitegemea gesi hiyo kupikia, huku asilimia 55.1 zikitegemea kuni. Kodi ya ongezeko la thamani, iliyorudishwa kwenye gesi mwaka 2021 kwa kiwango cha asilimia 16, ilipunguzwa hadi 8 mwaka uliofuata, kisha ikaondolewa Julai 2023. Wenzetu wa Ulaya wanatoka kwenye gesi. Sisi wengi wetu bado tunatoka kwenye kuni na makaa, na gesi ndiyo hatua inayofuata. Kazi ya kijana wako bado inakua.

Linalonikosesha usingizi ni jingine, nalo ni fundi asiyefunzwa. Huko Uingereza ni kosa la jinai kufanya kazi ya gesi kwa malipo bila kuwa katika daftari la Gas Safe Register, lililochukua nafasi ya daftari la awali la CORGI tarehe 1 Aprili 2009, na ujuzi wa fundi hupimwa upya kila baada ya miaka mitano. Hapa kwetu kanuni za mwaka 2019 zinazosimamiwa na EPRA, mamlaka ya nishati na mafuta, zimekaza masharti ya leseni kwa wanaojaza, wanaosafirisha na wanaouza gesi, na mlipuko wa gesi wa Embakasi, Nairobi, wa Februari 2024 ulituonyesha kwa uchungu kinachotokea masharti yanapopuuzwa. Lakini mtu anayepanda ngazi na spana mkononi kufunga hita katika bafu la mpangaji, mara nyingi hakuna anayemuuliza amejifunza wapi.

Bafu hilo ndilo ninalotaka kijana wako alielewe kabla ya jambo jingine lolote. Ujazo mmoja wa propeni huhitaji takribani ujazo 24 wa hewa ili uungue kikamilifu. Hita ikifungwa ndani ya bafu dogo lenye dirisha lililozibwa kwa ajili ya baridi ya Julai, hewa hupungua, moto hubadilika kutoka buluu kuwa wa njano, na kaboni monoksidi huanza kutoka. Sumu hiyo haina rangi wala harufu, na aogaye huhisi kizunguzungu tu kabla ya kuanguka. Isitoshe, Nakuru iko takribani mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa, hivyo hita iliyopimwa kwa ajili ya pwani inaweza kuungua vibaya huku ikiwa mpya kabisa. Fundi anayejua haya huifunga hita nje ya bafu, au huipa dohani inayofika nje pamoja na tundu la hewa lisilozibika, kisha huutazama moto wenyewe kabla ya kuondoka. Nimeingia katika nyumba ambamo dohani iliishia ndani ya dari. Familia ilikuwa imeishi hapo kwa miezi, watoto wakilalamika kila siku kwamba wanaumwa na kichwa, na hakuna aliyeshuku hita.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba ajifunze joto lote, si gesi peke yake. Aanze na ufundi bomba, aongeze umeme, kisha gesi. Umeme wa Kenya unatoka kwa wingi katika mvuke wa ardhini wa Olkaria, uliomo humo humo katika kaunti yako, na kila bei ya umeme itakapoteremka, baadhi ya wateja wako watageukia majiko ya umeme, na wengine tayari wameweka paneli za jua juu ya paa. Pampu ya joto nayo itafika hotelini kwetu, kwa sababu kwa kila yuniti moja ya umeme inaweza kutoa takribani yuniti tatu za joto. Na pampu nyingi mpya zinatumia propeni kama kipoozeo, yaani kitu kinachobeba joto ndani ya mabomba yake. Fundi aliyezoea kutafuta uvujaji wa propeni na kuiheshimu hataianza kazi hiyo akiwa mgeni.

Mpeleke katika chuo anuwai, kisha afanye mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, ambayo ina kituo chake Kisumu. Wewe mwenyewe, ndugu yangu, uliza kuhusu utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Miaka 19 inastahili cheti.

SWALI: Nina mkahawa wa samaki Kisumu. Fundi ameniwekea mitungi miwili ya kilo 50 jikoni, nyuma ya mlango, na anasema dirisha lililo juu linatosha kutoa hewa. Asubuhi tunasikia harufu. Je, kuna hatari? (Mama Akinyi, Kisumu)

JIBU: Ipo, Mama, na ni ya leo. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni na kuingia mitaroni, wala haipandi hadi dirishani. Harufu hiyo imetiwa makusudi ili uamke. Mkiisikia, msiguse swichi wala msiwashe kiberiti. Fungueni milango, fungeni valvu za mitungi, mtoke nje. Kisha fundi aihamishie mitungi nje, ikiwa imesimama wima, mbali na mitaro, alete gesi ndani kwa bomba la chuma au la shaba, na apake povu la sabuni kila kiungo mbele ya macho yako. Povu likifura, hajamaliza kazi. Hadi hapo pikia nje kwa makaa, hata kama wateja watasubiri samaki wao kidogo.