Mtoto wa Mbwa wa Mbegu Kubwa Apewe Chakula Kiasi Gani?

SWALI: Daktari, pole na kazi. Nina mtoto wa mbwa dume wa German Shepherd mwenye umri wa miezi minne na uzito wa kilo 15. Asubuhi na jioni humpa ugali uliochanganywa na utumbo wa ng'ombe au dagaa, na mchana humwekea chakula kikavu cha mfuko mpaka aache mwenyewe. Aliyeniuzia alisema nimshibishe kadiri awezavyo ili awe mbwa mkubwa wa ulinzi, na katika duka la vyakula vya mifugo nimeshauriwa nimwongezee DCP, yaani unga wa kalsiamu na fosforasi, kijiko kimoja kila siku ili mifupa ikomae. Naomba kujua kiasi kilicho sahihi.
Msomaji, Arusha

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na lililo la haraka. Hiyo DCP iache leo. Mbwa mzima akila kalsiamu nyingi, utumbo wake hupunguza kiasi unachofyonza, lakini mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi sita bado hana uwezo huo kikamilifu, kwa hiyo sehemu kubwa ya kalsiamu anayoila huingia mwilini, mifupa itake isitake. Majaribio yaliyofanywa katika Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, miaka ya 1980, kwa watoto wa Great Dane, yalionyesha kwamba kalsiamu iliyopita kiasi iliharibu ukuaji wa gegedu na kuwapindisha wengine miguu ya mbele. Viwango vya Marekani, ambavyo viwanda vingi vya chakula cha mbwa huvifuata, haviruhusu kalsiamu izidi asilimia 1.8 ya chakula kikishatolewa maji, kwa watoto wa mbwa watakaofikia kilo 32 au zaidi wakikomaa. Dume wa German Shepherd huwa na kilo 30 hadi 40, kwa hiyo wako yumo katika kundi hilo, na chakula cha mfuko kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbegu kubwa tayari kina kalsiamu inayomtosha.

Sasa nije kwenye kiasi. Mbwa wa kilo 15 akiwa amepumzika tu huhitaji nishati ya kilokalori 530 hivi kwa siku. Kabla ya miezi minne mahitaji ya ukuaji huwa karibu mara tatu ya hapo, kisha hushuka polepole kuelekea mara mbili kadiri anavyokaribia utu uzima. Kwa kuwa wako yupo hasa kwenye mpaka wa vipindi hivyo viwili, anahitaji kati ya kilokalori 1,070 na 1,600, na kwa kuwa chakula kikavu kwa kawaida huwa na kilokalori 350 hadi 400 katika gramu 100, hiyo ni kama gramu 300 hadi 440 kwa siku ikiwa hali kitu kingine. Anza na gramu 350, ukizipima kwa mizani ya jikoni na si kwa kikombe, kwa maana kikombe cha leo na cha kesho havilingani, kisha uzigawe katika milo mitatu hadi afikishe miezi sita. Baada ya hapo milo miwili inatosha. Kila mlo uondoe chombo baada ya dakika 15 au 20, hata kama amebakiza.

Namba hizo ni mahali pa kuanzia tu. Mwamuzi wa kweli ni mwili wa mbwa mwenyewe, na hapa ndipo ninapowasihi wasomaji wote wawe makini. Kila wiki pitisha viganja ubavuni mwake bila kukandamiza: unapaswa kuzihisi mbavu mara moja, zikiwa zimefunikwa na nyama kidogo, na ukimtazama kutoka juu uone kiuno kimeingia ndani nyuma ya mbavu. Ukilazimika kubonyeza ndipo uzipate, punguza chakula kwa sehemu moja ya kumi. Zikionekana kwa macho kutoka mbali pamoja na mifupa ya nyonga, ongeza kwa kiasi hicho hicho. Uzito wake utaupata kwa kupanda kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha upande peke yako na utoe tofauti.

Ushauri wa kumshibisha ili awe mkubwa naupinga kwa nguvu zote. Ukubwa wa mwisho wa mbwa huamuliwa zaidi na wazazi wake. Anayelishwa kwa kipimo hufikia kimo hicho hicho, ila kwa taratibu. Anayeshibishwa huongeza uzito haraka kabla viungo havijawa tayari kuubeba, na mbegu kubwa hukua hadi kati ya miezi 12 na 18. Nchini Marekani, mbwa 48 aina ya Labrador Retriever walifuatiliwa tangu wakiwa wachanga wa wiki nane hadi walipokufa, wakiwa wawili wawili, mmoja akipewa robo pungufu ya chakula alichokula mwenzake. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2002 yalikuwa kwamba nusu ya walioshiba walikuwa wamekufa walipofikia miaka 11.2, ilhali kwa wenzao nusu hiyo ilifika miaka 13, tena wakiwa na maradhi machache zaidi ya nyonga. Wapo wanaoogopa protini badala ya kalsiamu na unene, lakini hofu hiyo haikuthibitishwa na majaribio. Usimnyime mbwa anayekua protini.

Kuhusu ugali, tatizo lake ni kwamba hujaza tumbo huku ukileta protini na madini kidogo mno kwa mwili unaojijenga. Ukiwa na uwezo wa kununua chakula cha mfuko, kifanye kiwe karibu mlo wote, na ugali, utumbo na dagaa kwa pamoja visizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku. Najua bei ya mifuko hiyo ni mzigo kwa kaya nyingi. Ukilazimika kupika nyumbani, mpelekee daktari wa mifugo orodha kamili ya unachompa, kwa vipimo, ili akupangie uwiano. Dagaa waoshe mchanga na chumvi, ukikumbuka kwamba huliwa na mifupa yao na hivyo wanahesabika kama kalsiamu, na usimpe kamwe unga wa mahindi yaliyoota ukungu, kwa sababu sumukuvu huharibu ini la mbwa.

SWALI: Shikamoo Daktari. Rottweiler wangu ana miezi mitano na tangu aachishwe kunyonya hali ila nyama ya steki kutoka buchani. Tangu wiki iliyopita anachechemea na hataki kupanda ngazi. Nimwongezee maziwa?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Marahaba. Maziwa hayatamsaidia, na mbwa wengi huharisha wakiyanywa. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana, na mwili ukikosa kalsiamu, tezi ndogo za shingoni huamuru itolewe kwenye mifupa, ambayo huwa myembamba kiasi cha kuvunjika kwa kuruka tu. Kuchechemea kuna sababu nyingine pia, kwa hiyo mpeleke kwa daktari wa mifugo bila kuchelewa apigwe picha ya eksirei, na hadi hapo mzuie asiruke wala kukimbia na umbebe kwenye ngazi. Usimpe vidonge wala unga wa kalsiamu kwa kukisia. Anza leo kumchanganyia chakula kamili cha watoto wa mbegu kubwa, ukikiongeza kila siku na kupunguza nyama, hadi baada ya siku saba kiwe ndicho chakula chake.