Kusimamia timu inayohudumia Waaborijini waliofanyiwa uhalifu: namjibu dada wa Dubbo

Dada, hongera kwa kazi. Umesema unakwenda kusimamia timu ya huduma kwa Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, waliofanyiwa uhalifu, watumishi karibu wote ni Waaborijini wenyewe, na unauliza uanzie wapi. Nimeifanya kazi hiyo humo humo New South Wales, jimbo ulimo mji wako wa Dubbo, nakujibu kwa niliyoyaona.

Anza na watumishi wako, majalada yatafuata. Katika mji mdogo, mama aliyepigwa anaweza kuwa binamu wa mtumishi wako, na aliyempiga akawa mtoto wa mjomba wake. Ofisi itasema huo ni mgongano wa maslahi, mtoe kwenye kesi. Mara nyingine ni lazima. Ila ukimtoa kila mwenye undugu utabaki na viti vitupu, na mama atakabidhiwa mgeni asiyemwamini. Mimi nilikuwa nauliza mapema, faraghani: huyu ni nani wako, nani katika ukoo atakulaumu, kipi hutaki kukisikia? Kisha tunagawana. Yeye anakaa na mama, mwenzake anafuatilia polisi na mahakama.

Tena jioni mtumishi huyo haachi kazi mlangoni. Anasimamishwa dukani, anapigiwa simu usiku, anakaa jukwaa moja na familia ya mshitakiwa kwenye mechi ya raga. Kikao chako naye hakitoshi. Tafuta mzee anayeheshimika hapo, Dubbo ni ardhi ya Wawiradjuri, mojawapo ya jamii za Waaborijini, awe anakaa na timu bila wewe kuwepo, na alipwe. Hili linaniuma sana: wazee wale huombwa hekima bure na kila ofisi, wakati mtaalamu anayetoka Sydney analipwa bila swali.

Watu wakikataa kuripoti, usikubali waandikwe kuwa hawatoi ushirikiano. Kule Bowraville, mji mdogo wa jimbo hilo hilo, watoto watatu wa Kiaborijini waliuawa kati ya 1990 na 1991. Familia zilipokwenda polisi ziliambiwa huenda watoto wameondoka tu kwenda kutembea, na hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani kwa vifo vile. Mwaka 2014, Australia Magharibi, polisi waliitwa kwenye nyumba yenye ugomvi wa kifamilia; binti wa Kiaborijini wa miaka 22 aliyekuwa akiumizwa ndiye aliyefungwa kwa faini ambazo hakulipa, akafa akiwa mahabusu. Kila mama utakayemhudumia anazijua habari za namna hii.

Na kubwa kuliko yote ni watoto. Kwa vizazi kadhaa serikali iliwanyang'anya Waaborijini watoto wao, ripoti ya kitaifa ya 1997 ikaliweka hilo wazi, na hofu haijaondoka. Mama anataka kujua kwanza kama akisema amepigwa atanyang'anywa wanawe. Sheria inawabana watumishi wako kuripoti mtoto aliye hatarini, kwa hiyo wamwambie hivyo kabla hajaanza kusimulia. Akijua mpaka ulipo, anaamua mwenyewe aseme nini.

Misiba itakuwa mingi, timu itaondoka kwa siku kadhaa, na mahali pengi jina la marehemu halitajwi. Panga ratiba ukijua hivyo. Sisi tuliokulia kwenye matanga hatupati shida kulielewa hili, lakini usidhani Uafrika wako unakufanya mwenzao. Wewe na mimi tulikuja kwa viza kwenye nchi yao.

Kuhusu fedha za serikali: mhanga hupewa saa 22 za ushauri nasaha kwa kuanzia, na maombi mengi ya malipo yana ukomo wa miaka 2, ingawa ukatili wa majumbani na wa kingono una muda mrefu zaidi. Mtumishi mmoja ajue nyaraka hizo barabara, wengine wasihangaike nazo.

Kabla hujasaini mkataba, uliza kama bajeti ina fungu la kumlipa mzee na likizo ya msiba isiyokatwa kwenye likizo ya mwaka. Wakijibu ndiyo, omba iandikwe.