Maswali ya wasomaji: Mtoto yuko namba 180, tukate tiketi au tusubiri?

Toleo lililopita niligusia tu kwamba huwa naamka saa tisa usiku kuangalia hoki ya barafu ya kule Marekani na Kanada, nikajua nitapata watu wawili watatu wa kunishangaa basi. Kumbe Arusha na Moshi tupo wengi! Na karibu wote mnauliza kitu kimoja, drafti. Sio ile drafti ya vizibo vya soda pale kijiweni, ni ile shughuli ya mwisho wa mwezi wa sita ambapo timu 32 za ligi ya NHL zinachagua vijana kwa zamu, raundi 7, kwa hiyo ni vijana kama 224 hivi, na wengi wao ni watoto wa miaka 18 kabisa. Naanza na la shangazi wa Moshi maana hilo nimelala nalo siku tatu.

SWALI: Habari za kazi mwanangu. Mimi nipo Rau hapa Moshi. Mdogo wangu anaishi Kanada, Alberta, ameolewa huko miaka mingi, na kijana wake wa kwanza anacheza hiyo hoki. Ametimiza miaka 18 mwezi wa nne. Sasa wametoa orodha na yeye ni wa 180, basi mdogo wangu kila akipiga simu ni machozi, mara ya furaha mara ya woga, ameshamnunulia mtoto suti na anataka ukoo tuchange nauli ya ndege waende wote huko ukumbini. Akichaguliwa ndo ameshapata kazi? Na asipochaguliwa ndo basi tena? Huku hakuna mtu wa kuniambia. – Shangazi, Rau

JIBU: Shikamoo shangazi. Pole na hongera kwa pamoja, maana mtoto kufika kwenye hiyo orodha tu ni kazi kubwa sana, Kanada kila mtaa una watoto wanaocheza hoki tangu wana miaka minne mitano.

Ngoja nikueleze hiyo namba kwanza. Ligi ina ofisi yake ya maskauti, yani wasaka vipaji, wanazunguka msimu mzima halafu wanatoa orodha katikati ya msimu na nyingine mwishoni. Lakini wanazigawa, wanaocheza Amerika ya Kaskazini wana orodha yao, wanaocheza Ulaya yao, na makipa nao pembeni. Kwa hiyo kijana wenu kuwa wa 180 haina maana yeye ni wa 180 duniani, ukichanganya na wale wa Sweden, Finland, Urusi na wengineo, na makipa, anasogea nyuma zaidi. Halafu kila timu ina orodha yake ya siri ambayo haifanani na hiyo. Yani anaweza kuitwa raundi ya nne kwa sababu kuna skauti mmoja amempenda, na anaweza asiitwe kabisa. Nakuambia hivi shangazi kwa sababu nauli ni hela ya watu, na ukumbini pale ni sehemu ya wale wanaotegemewa kuitwa mwanzo. Drafti ya 2025 iliyofanyika Los Angeles timu zenyewe zilibaki maofisini kwao, waliokaa ukumbini na familia zao ni vijana wachache wa juu. Raundi ya kwanza ni siku ya kwanza usiku, kwetu huku ni saa nane ya usiku wa manane, zile sita zinapigwa kesho yake harakaharaka, kwetu ni jioni, majina yanapita kama ya kwenye daladala. Kijana wa namba 180 hiyo siku anakuwa nyumbani kwao na simu mkononi. Msichange nauli. Suti aivae kanisani.

Akichaguliwa, bado hajaajiriwa. Maana yake ni kwamba timu ile peke yake ndo yenye haki ya kumsajili kwa muda fulani, timu nyingine hairuhusiwi kumgusa. Wengi wanarudi kwenye timu zao za vijana au wanaenda chuo kucheza huko, mwaka, miwili, mitatu, na kuna wengine mkataba hauji kabisa. Ukija, wa kwanza kwa kijana wa umri huo ni wa miaka 3.

Na asipochaguliwa sio basi tena! Anaweza kuchaguliwa akiwa na miaka 19, hata 20, na akipita hapo timu yoyote inaweza kumsaini bure. Martin St. Louis hakuchaguliwa na mtu, walimwona mfupi, futi 5 na inchi 8, na huyo huyo mwaka 2004 akachukua kombe la Stanley, yani ubingwa wa NHL, na timu ya Tampa Bay na tuzo ya mchezaji bora wa ligi msimu huo huo, leo yupo kwenye jumba la heshima la hoki.

Shangazi mimi hili jambo linaniuma kwa sababu nalijua kwa macho yangu. Nilisoma sekondari hapo Moshi na kijana mmoja ambaye kila mwaka alikuwa anaachwa kwenye timu ya shule kwa ajili ya UMISSETA, kisa mdogo wa mwili, kocha alikuwa anampa ndoo ya maji na zile jezi za wenzake azishike, na alikuwa anazikunja vizuri moja moja anaziweka kwenye nyasi kwa namba, ya 1 mpaka ya 11, ya kwake haimo. Form five alitoka likizo amerefuka mpaka suruali imeishia juu ya soksi, na mpira ule ule aliokuwa nao siku zote ndo watu wakauona. Maskauti wa kule ni watu wa kazi kweli, lakini na wao wanachofanya ni kubashiri mwili wa mtoto wa miaka 17 utakuwaje akiwa na 24, na hakuna anayejua hilo, hata mama yake mzazi hajui.

Angalia mwaka 1999. Wa kwanza kabisa aliitwa Patrik Stefan, akaenda Atlanta, alicheza mechi 455 akafunga magoli 64. Siku hiyo hiyo, namba 210, watu wameshaanza kuondoka, Detroit wakamwita kijana wa Sweden Henrik Zetterberg, mechi 1,082, magoli 337, kombe la 2008 na tuzo ya mchezaji bora wa mtoano. Mwaka mmoja kabla yake Detroit hao hao walimchukua Pavel Datsyuk namba 171, na skauti wao Håkan Andersson alikuwa ameenda Urusi kumwangalia kijana mwingine kabisa, jicho likahamia kwa huyu mdogo. Au Sam Bennett. Kabla ya drafti ya 2014 vijana walipelekwa kwenye siku za vipimo, wanapimwa pumzi, wanakanyaga baiskeli sekunde 30 mpaka wengine wanatapika, wanaruka, wanajivuta kwenye chuma. Bennett hakuweza kujivuta hata mara moja na dunia nzima ikaandika. Calgary wakamchukua hivyo hivyo namba 4, na mwaka 2025 akiwa Florida amebeba kombe na tuzo ya mchezaji bora wa mtoano. Na Matthew Schaefer aliyekuwa wa kwanza 2025, msimu wake wa drafti alivunjika mfupa wa mtulinga akaishia mechi 17 tu za ligi yake, bado New York Islanders wakamwita wa kwanza.

Nakuomba kitu kimoja shangazi. Hiyo jioni ya raundi za mwisho usimpigie mdogo wako, mpigie mtoto mwenyewe. Usimuulize wameita namba ngapi. Muulize amekula nini, msimulie migomba, msimulie nani ameoa, mwambie mlima leo umefunguka unaonekana wote. Atakuwa amekaa na watu wazima kumi wanaomtazama usoni, anahitaji sauti moja ya mtu asiyemtazama.

SWALI: Niaje kaka, mi chalii wa Ngarenaro. Hivi inakuaje timu mbovu ndo inapewa dogo mkali wa kwanza? Si kuwapa zawadi wavivu? Huku kwetu ukiburuza mkia unashuka daraja safi kabisa.

JIBU: Poa chalii angu. Kule hakuna kushuka daraja, timu iliyo NHL inabaki NHL hata ikifungwa msimu mzima, na kuna kiwango cha juu cha hela ya mishahara ambacho hakuna timu inaruhusiwa kuvuka. Kwa hiyo njia yao ya kusawazisha ni drafti, aliye chini anachagua mapema ili kesho ainuke, isiwe kila mwaka ni wale wale wawili kama tunavyojua wenyewe kwenye ligi zetu.

Hoja yako ya uvivu ina mashiko ndo maana wakaweka bahati nasibu. Timu 16 zilizokosa mtoano zinaingia, ya mwisho kabisa ina asilimia 25.5 tu ya kupata nafasi ya kwanza, yani mara tatu kati ya nne haipati, ila haiwezi kushuka chini ya nafasi ya tatu. Hao Islanders wa 2025 walikuwa na asilimia 3.5, wakaruka kutoka nafasi ya kumi mpaka ya kwanza. Mi naona ni utaratibu wa haki kwa timu. Kwa mtoto sijui, maana mtoto hachagui mji, anaambiwa tu, na mara nyingi anapelekwa kwenye timu inayofungwa kila wiki akiwa na miaka 18.

SWALI: Kaka, Gavin McKenna alikuwa anatajwa sana 2025 lakini kwenye drafti ya 2025 hakuwepo kabisa. Aliumia? – Msomaji, Kijenge

JIBU: Hakuumia, ni tarehe ya kuzaliwa tu. Ili uingie lazima uwe umetimiza miaka 18 ifikapo Septemba 15 ya mwaka huo, na yeye amezaliwa Desemba 2007. Msimu wa 2024-25 alipata pointi 129, yani magoli na pasi za magoli, kwenye mechi 56 akiwa na timu ya vijana ya Medicine Hat na bado akaambiwa subiri, ndo akaenda kucheza chuo cha Penn State. Auston Matthews yeye alizaliwa Septemba 17, siku mbili tu! Akakosa 2015, akaenda kucheza Uswisi na watu wazima mwaka mzima, 2016 Toronto wakamwita wa kwanza. Wazazi mnaojua habari ya mtoto kukataliwa darasa la kwanza kwa sababu ya miezi mnaelewa.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa michezo hapa Njiro, Arusha. Nina watoto kama kumi na mbili wanateleza na viatu vya magurudumu kwenye lami jioni, wameona video za hoki sasa wanataka wacheze. Wanauliza kama Mtanzania anaweza kufika kwenye hiyo drafti. Niwajibuje bila kuwadanganya?

JIBU: Mwalimu, asante kwa neno la mwisho. Tuanze nalo.

Barafu peke yake siyo kizuizi, Matthews huyo niliyemtaja amekulia Arizona, jangwani, joto kuliko la kwetu mbali sana. Rangi pia siyo, Jarome Iginla baba yake ni Mnigeria, alichaguliwa namba 11 mwaka 1995 na leo yupo jumba la heshima, mwanae Tij naye akaitwa namba 6 mwaka 2024. Quinton Byfield alikuwa wa pili 2020. Tofauti ni kwamba hao wote walikuwa na uwanja wa barafu wa kwenda kila siku tangu wadogo. Arusha hakuna hata mmoja. Mtoto wa miaka 14 anayeanza leo kwenye lami ya Njiro hataitwa kwenye drafti, mwambie hivyo hivyo, watoto wanavumilia ukweli kuliko sisi.

Ila waambie na hili la Nairobi. Kuna timu inaitwa Ice Lions, walijifunzia kwenye kiwanja kidogo cha barafu ndani ya hoteli ya Panari, barabara ya Mombasa, kilifunguliwa 2005. Miaka mingi hawakuwa na timu ya kucheza nayo ukanda wote huu, wanagawana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2018 wakapelekwa Kanada, wakavaa jezi, na mastaa wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon wakaingia uwanjani kucheza upande wao! Na 2024 Kenya ikapokelewa kwenye shirikisho la dunia la hoki ya barafu. Mimi nilishawahi kupanda gari asubuhi hapo stendi, Namanga mpaka Nairobi, kwenda tu kukigusa hicho kiwanja. Ukiingia mlangoni baridi inakupiga kwenye meno, na sauti ya vile vyuma vikikata barafu ni kama mtu anachana kitenge kipya. Nilisimama pale ukingoni nikaelewa kwa nini watu wanaamka usiku.

Na hawa wa kwako tayari wana nusu ya mchezo kwenye miguu. Kuna hoki ya magurudumu na ya mtaani, watu wanacheza kwa mpira mdogo mgumu, magongo mnaweza kumpa fundi seremala achonge, magoli mawili ya bomba, helmeti ni lazima, hapo usikubali kubembelezwa. Nchi hii ilishapeleka timu ya magongo, ile ya nyasi, Olimpiki ya Moscow 1980, kwa hiyo gongo siyo kitu kigeni mikononi mwetu, tuliliacha tu.

Binamu yangu aliniletea paki moja halisi kutoka Kanada, ile sahani nyeusi ya mpira wanayoipiga, gramu kama 170, ukiishika ni nzito kuliko unavyofikiria na haidundi, kabla ya mechi huwa wanazigandisha kabisa. Imekaa mezani kwangu haina kazi. Nitumie namba yako mwalimu, nikishuka Arusha wiki ijayo nakuletea, watoto waishike.